Majina Mengi ya Nakshi Moja: Maua Yatambaayo katika Hariri ya China



Katika nyumba za Waswahili sinia ni chombo cha kila siku. Hupakuliwa pilau, hupangwa vikombe vya kahawa, hutandazwa mchele ukachaguliwa. Ni wachache wakumbukao, walishikapo mikononi, kwamba jina lake limetoka katika neno la Kiarabu ambalo maana yake ya mwanzo ni "kitu cha China". Sinia la leo huwa la bati, la shaba au la plastiki, na aghalabu halina nasaba yoyote na nchi ile. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilicholetwa pwani na merikebu za Marekani katika karne ya 19: jina liliendelea kutajwa madukani hata kitambaa cha namna ile kilipoanza kufumwa kwingine. Lugha, kwa desturi, hukipa kitu jina la aliyekileta mlangoni. Haimwulizi alikipata wapi.

Mhadhara huu unaichukua tabia hiyo ya lugha na kuichunguza katika mfano ulio mbali kidogo na pwani, lakini ulio mpana kuliko sinia na merikani: nakshi ya maua yatambaayo katika hariri ya China. Karibu kila mtu aliyewahi kuona joho la hariri ya Kichina ameiona. Shina jembamba hupinda kama wimbi, likipanda na kushuka pasipo mwisho. Katika kila bonde la wimbi huchipuka tawi linalojikunja kurudi nyuma, na katikati ya mkunjo huo hukaa ua kubwa lililochanua. Majani madogo huziba nafasi zilizosalia. Wachina huiita *chanzhi*, yaani "matawi yaliyosokotana". Imekubalika mno kuwa ni alama ya China hata watu wengi hudhani imezaliwa pamoja na hariri yenyewe. Sivyo. Hariri ya China ilikwisha kufumwa na kudariziwa kwa maelfu ya miaka kabla ya nakshi hii kuonekana juu yake, na ilipofika ilifika kama mgeni.

Mmea usioota popote

Ushahidi wa kwanza wa ugeni huo hauhitaji kuchimba kaburi lolote. Unahitaji kuijua bustani tu. Maua yanayobebwa na shina hilo ni yungiyungi la China, peoni, krisantemu, kamelia. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotambaa. Yungiyungi hutokeza ua lake juu ya kikonyo kilichonyooka, kila ua na kikonyo chake, kutoka topeni hadi juu ya maji. Peoni, ambayo Wachina huiita *mudan*, ni kichaka chenye miti migumu. Krisantemu husimama wima. Hata hivyo mfumi wa Kichina aliyaweka yote juu ya shina lipindalo kama la mzabibu, tena mara nyingine maua ya aina nne au tano juu ya shina moja. Watu wale walikuwa wakulima wa maua wenye ujuzi mkubwa. Hawakukosea kwa kutojua. Shina lilikuwa limekwisha kuwapo, limekuja kutoka kwingine likiwa tayari na mwendo wake, na maua ya nyumbani yakapandikizwa juu yake.

Hariri kabla ya shina

Ili kuupima ugeni huo, inafaa kuitazama hariri iliyotangulia. Mwaka 1982, huko Mashan katika mkoa wa Hubei, lilifukuliwa kaburi la mwanamke aliyezikwa wakati wa Madola Yanayopigana, zaidi ya miaka 2200 iliyopita. Mavazi na mablanketi yake yalidariziwa mazimwi na ndege wa kifalme ambao mikia na mabawa yao hurefuka yakawa mistari inayojipinda na kuota vichipukizi. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1972, kaburi la Xin Zhui, mke wa Bwana wa Dai, lilikwisha kufukuliwa huko Mawangduí, karibu na mji wa Changsha. Humo zilipatikana nguo za karne ya 2 kabla ya Kristo, miongoni mwao joho la hariri nyepesi mno lenye uzito wa gramu 49. Nakshi zilizodariziwa humo ni za mawingu: vikia vya mvuke vinavyojiviringa na kupotea.

Wako wataalamu wanaoshikilia kwamba mawingu hayo ndiyo babu wa maua yatambaayo, na kwamba hakuna haja ya kumtafuta mgeni. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mkono wa mdarizi wa Kichina ulikuwa umezoea mstari upindao, na bila mazoea hayo huenda mgeni asingekaribishwa kwa moyo ule. Lakini wingu la Mawangdui halina shina, halina kifundo tawi linapoanzia, wala halina ua linalosubiriwa katika kila bonde. Linatiririka litakavyo. Nakshi ya maua yatambaayo ina sarufi: wimbi, tawi, mkunjo, ua, kisha wimbi tena, na kila kipashio kina mahali pake. Mazoea ya mkono yalikuwapo China. Sarufi hiyo haikuwapo.

Jiwe kwanza, hariri baadaye

Sarufi ilitoka wapi? Mwaka 1893 Alois Riegl, aliyekuwa mtunzaji wa vitambaa katika jumba la makumbusho la sanaa na viwanda mjini Vienna, alichapisha kitabu chake *Stilfragen*. Humo alilifuata ua la yungiyungi la Misri ya kale likiwa mikononi mwa Wagiriki, ambao ndio waliolipa shina lipindalo kama wimbi, na hatimaye akalifikisha katika nakshi za nchi za Kiislamu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mtunzaji huyo wa vitambaa hakuendelea hadi China. Kazi hiyo ilifanywa kwa ukamilifu na Jessica Rawson wa British Museum katika kitabu chake cha mwaka 1984, *Chinese Ornament: The Lotus and the Dragon*. Hoja yake kuu ni kwamba shina la Kigiriki liliingia China likiwa limechongwa katika majengo. Lilipita Asia ya Kati na Gandhara pamoja na dini ya Buddha, likisafiri kama pambo la vizingiti, nguzo na kingo za mahekalu.

Anayezuru mapango ya Yungang karibu na Datong, yaliyoanza kuchongwa mnamo mwaka 460 chini ya wafalme wa Wei ya Kaskazini, anaweza kuiona hatua hiyo kwa macho. Juu ya milango na kuzunguka duara za nuru za sanamu za Buddha limechongwa shina lenye mawimbi, na katika kila bonde limewekwa jani lililopasuka vidole vitatu au vinne. Jani hilo ni nusu ya ua la Kigiriki. Wanaakiolojia wa China walizoea kuliita *rendong*, jina la mmea utambaao wenye maua meupe yanayogeuka manjano, ambao hustahimili majira ya baridi. Mmea huo upo kweli China, nao hutambaa kweli. Lakini jani la Yungang halifanani nao. Mgeni amepewa jina la mwenyeji kwa kuwa mwendo wao ulifanana.

Kutoka jiweni hadi kwenye uzi hapakuwa mbali. Mwaka 1965, huko Dunhuang, katika mapango ya Mogao, kilipatikana kipande cha nguo iliyodariziwa sanamu ya Buddha pamoja na watu walioitoa sadaka. Maandishi yake yanataja mwaka wa 11 wa enzi ya Taihe, yaani 487. Kingo zake zina jani lile lile la Yungang likizunguka katika maumbo ya pembe sita. Hiki ni kitambaa kilichodariziwa mkono na kutolewa sadaka hekaluni. Ndiyo kusema nakshi iliingia katika hariri kwa mlango wa ibada, na kwa sindano kabla ya kitanda cha mfumi.

Peoni yatwaa nafasi

Katika karne ya 6 na ya 7 hariri ya China ilishikwa na mtindo mwingine wa kigeni: miduara iliyozungushiwa lulu, na ndani yake wanyama wawili wakitazamana, kwa mfano wa nguo za Uajemi na Sogdia. Historia ya enzi ya Sui inamtaja He Chou, afisa aliyekuwa na asili ya Asia ya Kati, ambaye aliagizwa na mfalme aige nguo ya Kiajemi, naye akafuma iliyoishinda ile ya asili. Baadaye kidogo, mwanzoni mwa enzi ya Tang (618–907), Dou Shilun alipokuwa Sichuan alibuni nakshi za ndege na kondoo waliokabiliana, zilizokuja kuitwa kwa cheo chake, "mitindo ya Bwana wa Lingyang". Zhang Yanyuan, aliyeandika historia ya wachoraji mwaka 847, anasema zilikuwa bado zikitumika wakati wake.

Hapo ndipo ua lilipoanza kushinda. Lulu za mduara ziligeuzwa petali. Petali zikageuzwa maua yaliyozunguka ua jingine. Mduara ukafunguka, na mashina yakatoka nje yake kwenda kukutana na jirani. Hatua hizi huonekana katika vitambaa vya makaburi ya Astana karibu na Turfan, na pia katika hazina ya Shosoin mjini Nara, Japani, ambamo Malkia Komyo aliweka wakfu vitu vya marehemu mumewe, Mfalme Shomu, mwaka 756. Huko Dunhuang, pango lililozibwa kwa karne tisa lilifunguliwa mwaka 1900 na mtawa Wang Yuanlu, na vitambaa vyake vingi sasa vimo London na Paris, vilikopelekwa na Aurel Stein na Paul Pelliot. Mabango, vifuniko vya misahafu na vitambaa vya meza za ibada vinaonyesha mashina yenye maua yaliyojaa, si tena jani jembamba la Yungang.

Ua lililochukua nafasi kubwa kuliko yote ni peoni. Katika karne ya 8 na ya 9 watu wa Chang'an waliipenda kiasi cha kupita mipaka; mshairi Bai Juyi alitunga juu ya matajiri waliolipia shada moja fedha ambazo zingetosha kodi ya nyumba kadhaa za wakulima. Si ajabu kwamba ua lililouzwa hivyo lilipanda juu ya shina la hariri. Yungiyungi lilikuwa la hekalu. Peoni ilikuwa ya soko na ya ikulu. Tangu hapo nakshi haikuhitaji tena kisingizio cha dini.

Kwa nini mfumi alilipenda shina

Wanahistoria wa sanaa huandika mengi juu ya maana ya maua na machache juu ya kitanda cha kufumia, ilhali jibu la sehemu kubwa ya fumbo hili limo humo. Katika hariri ya rangi nyingi ya enzi ya Han, rangi zilibebwa na mtande, na upana wa kitambaa ulikuwa kiasi cha sentimita 50. Katika enzi ya Tang kazi ya kubeba rangi ilihamia kwenye mshindio. Mfumi akaweza kubadili rangi apendavyo na kutengeneza maumbo makubwa zaidi. Chombo kilichoikamilisha kazi hiyo kilielezwa na kuchorwa katika *Tiangong kaiwu*, kitabu cha ufundi cha Song Yingxing kilichochapishwa mwaka 1637. Ni kitanda chenye mnara juu yake, uitwao "ghorofa la maua". Juu ya mnara huketi msaidizi, naye huvuta mafungu ya nyuzi kwa mpango uliokwisha kufungwa. Chini huketi mfumi, akipitisha mshindio. Mpango wenyewe, uliofungwa kwa nyuzi juu ya nyuzi, ulibeba nakshi nzima, kiasi kwamba msaidizi hakulazimika kujua anachora nini.

Mpango huo ulikuwa ghali kuutengeneza, kwa hiyo ulirudiwa. Nakshi yoyote ya kitanda hiki ni kipande kimoja kinachorudiwa mamia ya mara. Mduara wa lulu huutangaza urudiaji huo: kila mmoja unaanza na kuisha, na mfumi akikaza mshindio mno au akiulegeza, mduara hugeuka yai na kila mtu akaona. Shina litambaalo huuficha. Kipande kinapoisha, wimbi halijaisha. Jicho huvuka mshono bila kujua limevuka. Mfumi akipanga mstari wa pili wa maua kati ya nafasi za mstari wa kwanza, kitambaa chote huonekana kimeota. Shina la Kigiriki lilikuwa limebuniwa ili kuipamba kingo ndefu ya jengo. Kitanda cha Kichina kililitandaza likafunika uwanja mzima, upana na urefu. Huo ndio mchango mkubwa wa wafumi wa China katika historia hii, nao haukutoka Ugiriki wala Gandhara.

Mandhari ya mwaka mmoja

Katika enzi ya Song (960–1279) maua yakawa ya kweli zaidi, na mtu aweza kuyataja moja moja. Lu You, mshairi na mwandishi wa kumbukumbu, anasimulia kwamba mwanzoni mwa enzi ya Jingkang, yaani mwaka 1126, nguo na mapambo ya wanawake wa mji mkuu Kaifeng yalikusanya maua ya misimu yote: pichi, aprikoti, yungiyungi, krisantemu, plamu. Mtindo huo uliitwa "mandhari ya mwaka mmoja". Mwanzoni mwa 1127 Kaifeng ilitekwa na Wajurcheni, mfalme na baba yake wakachukuliwa mateka, na enzi iliyopewa jina la Jingkang ikawa haikuendelea. Lu You anaihesabu nakshi hiyo kuwa ni vazi la kisirani: waliovaa mwaka mmoja walipewa mwaka mmoja. Msomaji wa leo hana haja ya kuamini ubashiri huo. Ila masimulizi yanaonyesha kwamba watu wa wakati ule waliisoma nakshi kama wasomavyo maneno, na kwamba jina la nakshi lilikuwa na nguvu ya kuitwa ushahidi dhidi ya taifa.

Mtindo wenyewe haukufa na Kaifeng. Mwaka 1975 lilifunguliwa mjini Fuzhou kaburi la Huang Sheng, aliyefariki mwaka 1243 akiwa na umri wa miaka 17 kwa hesabu ya Wachina. Alizikwa na mamia ya nguo na vitambaa. Katika hariri zake za rangi moja, ambazo nakshi huonekana tu mwanga unapopita juu yake, mashina ya peoni na maua mengine yanatambaa, na ndani ya jani kubwa mfumi ameficha ua dogo la aina nyingine. Ni kazi ya kumvalia mtu aliye karibu. Kwa mbali haionekani.

Baba yake Huang Sheng alikuwa msimamizi wa biashara ya bahari katika bandari ya Quanzhou. Ofisi hiyo hiyo aliwahi kuishika Zhao Rugua, ambaye mwaka 1225 aliandika kitabu juu ya nchi za ng'ambo, nacho kina maelezo mafupi juu ya Cengba, nchi ya Wazenji. Anasema merikebu za Gujarati na za Waarabu huenda huko kila mwaka kufanya biashara, na katika bidhaa zao anataja vitambaa vya pamba, shaba na kauri. Hariri hakuitaja. Mtu anayeisoma orodha hiyo akiwa na nguo za Huang Sheng akilini huuona umbali uliokuwapo kati ya kilichofumwa kwa ajili ya nyumba ya msimamizi wa bandari na kilichopakiwa merikebuni.

Safari ya kurudi

Wamongolia ndio walioirudisha nakshi magharibi. Walipozitawala kwa pamoja China na Uajemi katika karne ya 13, waliwahamisha wafumi kutoka mji hadi mji kama walivyohamisha farasi, na walipenda hariri iliyofumwa kwa dhahabu kuliko mali nyingine yoyote. Katika vigae vya ikulu ya Takht-i Sulaiman, iliyojengwa Uajemi katika miaka ya 1270, yungiyungi la China limekwisha kuwasili pamoja na zimwi na ndege wa kifalme. Huko Ulaya, orodha ya hazina ya Papa iliyoandikwa mwaka 1295 inataja nguo nyingi zilizoitwa "za Kitatari", na wafumi wa Lucca na Venice walianza kuyaiga maua yake katika karne iliyofuata.

Sasa yatazamwe majina. Waitalia waliiita nguo hiyo ya Kitatari, kwa jina la watawala walioisafirisha, ingawa Watatari hawakuwa wafumi wake. Waajemi waliyaita maua hayo *khatai*, na Waturuki *hatayi*, yaani ya Khitai, jina la kale la China ya kaskazini. Katika karakana ya Masultani wa Istanbul, iliyoitwa *nakkaşhane* kwa mzizi ule ule uliokipa Kiswahili neno *nakshi*, hatayi ilikuwa tawi maalumu la uchoraji katika karne ya 16. Wajapani wanaliita shina litambaalo *karakusa*, "majani ya Tang". Na Wazungu wa karne ya 16, walipolipokea shina hilo hilo kutoka katika vyombo na vitabu vya nchi za Kiislamu, waliliita la Kiarabu, na jina *arabeski* likasambaa duniani. Kila taifa limeiandika katika lugha yake anwani ya jirani wa mwisho. Aliyeiita hatayi alikuwa na shina la Kigiriki mkononi, limetoka kwake au kwa jirani yake miaka mia nane kabla, likarudi na maua mapya. Naye, kwa haki kabisa, hakulitambua.

Jina la Kichina peke yake halitaji mtu. *Chanzhi* hueleza mwendo wa matawi, basi. Kwa mtazamo wa mwanaisimu huo ni unadhifu wa kupendeza, lakini una hasara yake. Jina linalotaja jirani, hata likikosea, humwambia mtafiti kwamba palikuwa na safari. Jina linaloeleza umbo huifuta safari yote, na pengine hiyo ni sababu mojawapo ya nakshi hii kuonekana kwa muda mrefu kuwa haina historia.

Orodha na majora

Katika enzi ya Ming (1368–1644) nakshi ilikuwa ya kawaida mno hata ikawa suala la makarani. Waziri Yan Song alipofilisiwa katika miaka ya 1560, nguo na majora yake yaliorodheshwa moja moja, kila moja kwa rangi yake, kisha nakshi, kisha aina ya mfumo. Orodha hiyo imesalia, nayo ni hazina kwa mwanaleksikografia: inaonyesha jinsi msamiati wa ufundi unavyojengwa kwa kuunganisha sifa kwa mpangilio usiobadilika.

Vitambaa vyenyewe havikubahatika kama orodha. Kaburi la Dingling, alimozikwa Mfalme Wanli aliyefariki mwaka 1620, lilichimbwa kati ya 1956 na 1958. Humo yalipatikana majora ya hariri zaidi ya mia moja, mengi yakiwa na vibandiko vya kutaja kipimo, nakshi na mahali yalikofumwa, na yungiyungi litambaalo ni miongoni mwa nakshi hizo. Yalipotolewa rangi zake zilikuwa bado hai. Kwa kukosa hifadhi ifaayo, mengi yalikakamaa, yakafifia na kukatika. Kibandiko cha karatasi kimedumu kuliko kilichobandikwa. Jina limebaki na kitu kimetoweka, kinyume cha sinia, ambamo kitu kimebaki na maana ya jina imetoweka.

Kigae cha Gedi na tatizo la istilahi

Hariri ilifika pwani ya Afrika Mashariki. Ibn Battuta, aliyezuru Mogadishu mwaka 1331, alimwona sultani akitembea chini ya miavuli ya hariri ya rangi. Fei Xin, askari aliyefuatana na misafara ya Zheng He na kuandika mwaka 1436, anazitaja nguo za hariri katika bidhaa za biashara ya mji huo huo. Baadaye Pate ilisifika kwa hariri yake. Padri Monclaro, wa msafara wa Francisco Barreto ulioondoka Lisbon mwaka 1569, alizisifu nguo zilizofumwa huko. Kiswahili nacho kimehifadhi maneno ya ufundi huo: *hariri*, *atlasi*, *zari*, na *taraza*, ule ukingo wa hariri unaofumwa au kushonwa pembeni mwa nguo. Lakini hali ya hewa ya pwani haihurumii uzi. Kilichodumu ni kauri. Mortimer Wheeler alipozuru Tanganyika mwaka 1955 alisema kwamba historia yake iliyofukiwa imeandikwa kwa kauri ya China. Na katika vigae vya Gedi na Kilwa, vya enzi za Yuan na Ming, limo shina lile lile la samawati likitambaa na yungiyungi katika kila bonde. Wachoraji wa vyombo na wafumi wa hariri walitumia nakshi moja. Kwa hiyo kigae cha Gedi ni picha ya nguo ambayo pwani haikuweza kuitunza.

Kigae hicho kinapowekwa katika kabati la makumbusho lenye maelezo ya Kiswahili, mwandishi wa maelezo hukwama. Akiandika "arabeski" atakuwa ameazima kosa la Wazungu. Akiandika "nakshi ya Kichina" atakuwa ametengeneza sinia la pili. "Nakshi ya yungiyungi" itafaa kwa kigae hicho na kushindwa kwa kitambaa cha peoni. Mhadhara huu unapendekeza *nakshi tambaazi*, kwa kuwa hutaja mwendo, ambao ndio uliodumu tangu Yungang hadi Dingling, na huacha nafasi ya kutaja ua baada yake: nakshi tambaazi ya yungiyungi, nakshi tambaazi ya peoni, kama makarani waliomfilisi Yan Song walivyopanga maneno yao. Upungufu wake ni ule ule wa *chanzhi*: hausemi lolote juu ya waliopita njiani. Maelezo ya kabatini yatalazimika kuongeza sentensi ya pili kwa ajili yao, na sentensi hiyo italazimika kuanzia Ugiriki.